Akili ya uzeeni hulindwa utu uzimani

Katika kijiji kimoja kilicho nje kidogo ya mji wa Njombe yuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya ualimu kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Wengi wa watu walio ofisini leo wilayani humo walifundishwa naye kusoma na kuhesabu. Siku hizi, asubuhi ukungu ungali umetanda juu ya mipaini, mzee huyo huamka, huvaa koti lake, huchukua fimbo yake na kushika njia ya kwenda katika shule aliyoiaga siku nyingi zilizopita. Vijana wanaokutana naye njiani humwamkia, "Kamwene, mwalimu," kisha humshika mkono na kumrudisha nyumbani kwa upole. Mkewe akiulizwa habari zake hujibu kwa maneno mawili tu: "Uzee huo."

Jibu hilo husikika karibu kila mahali. Husikika Njombe na husikika Makambako. Husikika kwa mkulima asiyejua kusoma, na husikika pia kwa mtumishi mwenye shahada mbili. Ni jibu la huruma, wala halina nia mbaya. Lakini si jibu la kweli. Mzee anayesahau mahali alipoliweka jembe lake ni mzee. Mzee anayelishika jembe mkononi asijue ni kitu cha kazi gani, huyo ni mgonjwa. Uzee peke yake haumfanyi mtu asiitambue nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, wala haumfanyi asahau jina la mtoto aliyemzaa.

Ugonjwa huo ni ugonjwa wa usahaulifu, ambao waganga wa kisasa huuita dimenshia. Hoja yetu leo ni kwamba, kwa sehemu isiyo ndogo, ugonjwa huo huanza kujijenga miaka 20 au 30 kabla ya kuonekana, ndani ya mishipa ya damu ya mtu aliye bado kazini, mwenye nguvu zake, ambaye hajapata hata kuufikiria uzee. Na mojawapo ya vyanzo vyake ni ile lehemu, au kolesteroli, iliyozidi kiasi katika damu. Kwa hiyo habari hii si habari ya wazee peke yao. Ni habari ya mwalimu mwenye umri wa miaka 42 aliye darasani sasa hivi, na ya karani mwenye umri wa miaka 50 anayehesabu siku zake za kustaafu.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja potofu. Wapo wanaodhani kwamba ugonjwa wa usahaulifu ni ugonjwa wa Wazungu, kwa kuwa ni Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906 namna yake ile ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Dhana hiyo ilikwisha kanushwa hapa hapa nchini. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba wazee zaidi ya 6 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huo. Hao hawakuwa watu wa London wala wa Chicago. Walikuwa wakulima wa migomba na kahawa, watu wa vijijini kama walivyo wakulima wa viazi na mahindi wa Njombe. Nalo Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya 60 kati ya kila 100 walikuwa wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi yetu ni mojawapo ya nchi hizo, na sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba tulikuwa na watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kadiri tunavyofaulu kuwawezesha watu wetu kuishi muda mrefu, ndivyo hesabu hiyo itakavyopanda.

Sasa lehemu ni kitu gani? Si sumu, ingawa watu wengi huizungumzia kana kwamba ni sumu. Lehemu ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe huitengeneza, hasa katika ini, na pasipo hiyo hakuna chembechembe ya mwili inayoweza kuishi. Ubongo wa binadamu, ambao uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili, umebeba karibu robo ya lehemu yote ya mwili. Tena ubongo hujitengenezea lehemu yake. Ile inayopita katika damu huzuiliwa mlangoni, isiingie. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba akila yai leo, mafuta ya yai lile yatapanda kichwani na kuifunika akili yake.

Madhara hupitia njia nyingine. Lehemu husafiri katika damu ikiwa imebebwa na vyombo vya namna mbalimbali. Namna moja, ambayo madaktari huiita LDL na watu wamezoea kuiita lehemu mbaya, ikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa na kuganda humo, mwaka baada ya mwaka, kama masizi yanavyoganda katika dohani. Mshipa hupungua upana na kuwa mgumu. Ubongo, ambao hauwezi kuvumilia kukosa damu hata kwa dakika chache, huanza kunyimwa haki yake. Mara nyingine mshipa huziba ghafla, mtu akapatwa na kiharusi, kila mtu akaona. Lakini mara nyingi mishipa iliyo midogo kabisa huziba kimya kimya, mmoja leo na mwingine mwakani, pasipo maumivu wala homa. Mwenyewe hajui, mkewe hajui, na mkuu wake wa kazi hajui. Siku dalili zinapotokea, kazi ya kuharibu ilikwisha fanyika zamani.

Ushahidi wa jambo hili si wa jana. Nchini Finland, watu walipimwa damu na shinikizo la damu katika miaka ya 1972, 1977, 1982 na 1987, wakiwa watu wazima walio kazini. Mwaka 1998 watu 1,449 miongoni mwao waliitwa tena, wakati huo wakiwa na umri wa miaka 65 hadi 79, wakapimwa kumbukumbu. Ilionekana kwamba wale ambao zamani lehemu yao ilifika milimoli 6.5 kwa lita au zaidi walikabiliwa na hatari ya ugonjwa wa Alzheimer iliyokuwa kama mara mbili ya ile ya wenzao. Wale ambao shinikizo lao la damu la juu lilifika 160 nao walikuwa katika hatari ya kiasi hicho hicho. Na waliokuwa na yote mawili, hatari yao ilikaribia mara tatu na nusu. Huko California, Marekani, uchunguzi wa watu 9,844 waliopimwa lehemu kati ya mwaka 1964 na 1973, wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 45, ulitoa matokeo yanayofuata mwelekeo huo huo.

Mwaka 2024, jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la tiba la Lancet, likiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, lilipitia ushahidi wa dunia nzima na kutaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa usahaulifu na ambayo binadamu anaweza kuyarekebisha. Lehemu mbaya iliyozidi katika umri wa kati iliingizwa katika orodha hiyo kwa mara ya kwanza. Jopo hilo lilikadiria kwamba kama mambo hayo 14 yangeondolewa kabisa, karibu wagonjwa 45 kati ya kila 100 wangeepushwa na ugonjwa huo au wangecheleweshewa. Na kwamba sehemu ya lehemu peke yake katika hesabu hiyo ni kama 7. Saba katika mia ni kiasi ambacho hakuna serikali wala familia yenye busara inayoweza kukipuuza.

Hata hivyo, gazeti lenye kuheshimu wasomaji wake halina budi kuwaeleza pia upande wa pili wa jambo. Maneno muhimu katika habari hii yote ni "umri wa kati". Mtu akipimwa lehemu akiwa na umri wa miaka 80, kipimo hicho hakisemi mengi kuhusu akili yake. Katika visiwa vya Hawaii, wanaume wenye asili ya Kijapani walifuatiliwa kwa muda wa zaidi ya miaka 30, ikaonekana kwamba wale waliokuja kupatwa na ugonjwa wa usahaulifu walikuwa wameanza kupungukiwa na lehemu angalau miaka 15 kabla ugonjwa haujatambuliwa. Yaani, kwa mzee sana, lehemu ndogo yaweza kuwa ni dalili ya ugonjwa unaokuja, wala si kinga.

Hali kadhalika, dawa za kupunguza lehemu, ambazo huitwa statini, zilipojaribiwa kwa watu wengi hazikuonyesha kwamba mtu akianza kuzimeza uzeeni zitamkinga na usahaulifu. Jaribio moja kubwa la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2002, lilikuwa na watu 20,536. Jingine la mwaka huo huo lilikuwa na wazee 5,804 wenye umri wa miaka 70 hadi 82. Yote mawili yalithibitisha kwamba dawa hizo huulinda moyo. Yote mawili hayakuona tofauti katika akili. Kwa hiyo mtu aliyepewa dawa hizo na daktari wake kwa ajili ya moyo au kiharusi asithubutu kuziacha, kwa maana zinafanya kazi yake. Lakini asije mtu akazinunua dukani ili ampe baba yake aliyekwisha kupotewa na kumbukumbu, akitumaini kwamba kumbukumbu hizo zitarudi.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ambayo yatupasa kuyashika. La kwanza, kinga ya kweli iko katika umri wa miaka 40 hadi 60, na haiko baadaye. La pili, ni kosa kumnyima bibi wa miaka 85 maziwa yake, yai lake na kipande chake cha nyama kwa kisingizio cha lehemu. Wazee wengi wa vijijini shida yao si kula kupita kiasi, bali ni kula kidogo: meno yamekwisha, hamu imepungua, na anayewapikia yuko shambani. Mzee wa namna hiyo akionekana anakonda, apelekwe kwa mganga wa hospitali, asiongezewe miiko.

Hapo wasomaji wengine watauliza: je, lehemu si habari ya nchi tajiri? Swali hilo ni halali, na bara letu wenyewe limesaidia kulijibu. Wataalamu waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa mji wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wagonjwa wapya wa usahaulifu kila mwaka huko Indianapolis walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa Ibadan. Watu wa Ibadan walikuwa na lehemu ndogo zaidi katika damu. Damu ya ukoo ni ya karibu. Maisha ndiyo yaliyoachana.

Na hapa kwetu, mwaka 1964, daktari wa Kimarekani George Mann alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya Wamasai wa Tanganyika. Aliwakuta watu ambao chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa na nyama, na bado lehemu yao ilikuwa chini na maradhi ya moyo yalikuwa adimu. Zimetolewa sababu nyingi za jambo hilo, lakini mojawapo ambayo hakuna anayeweza kuikana ni kwamba Mmasai alikuwa akitembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe wake. Asije mtu akaushika mfano huo kuwa ni ruhusa ya kula nyama ya kukaanga akiwa ameketi. Anayetaka chakula cha Mmasai hana budi kukubali na miguu ya Mmasai.

Tutazame basi hali ya maisha katika Njombe na Makambako. Njombe ni mji wa baridi, katika nyanda zinazokaribia urefu wa mita 2,000 juu ya bahari. Wazee wa Kibena waliishi humo kwa kulima milimani, kwa ugali, maharage, mboga za majani na viazi vya kuchemsha, na kwa kutembea kwa miguu kwenda kila walikokwenda. Makambako ni njia panda. Hapo reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inakutana na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Njombe na Songea. Malori hulala hapo, mabasi hupumzika hapo, na usiku kucha makarai ya mafuta huchemka. Kiazi kile kile ambacho babu alikichemsha, leo mjukuu wake hukila kikiwa kimekaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, pamoja na mayai juu yake na nyama ya nguruwe pembeni. Safari ya nusu saa ambayo babu aliitembea, mjukuu huipanda bodaboda. Kisha huketi ofisini hadi jioni, na jioni huketi mahali pengine.

Hatusemi hayo kwa kuwadharau watu wa Makambako. Hali ni hiyo hiyo Morogoro, Mwanza na Dar es Salaam. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba watu 26 kati ya kila 100 walikuwa na lehemu iliyozidi, na karibu idadi hiyo hiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Watu 97 kati ya kila 100 hawakula matunda na mboga kwa kiasi kinachotakiwa. Robo ya watu wazima wa nchi hii si kikundi kidogo cha matajiri.

Lipo jambo la kusikitisha hasa kwa Njombe. Mkoa huu umekuwa maarufu kwa kilimo cha parachichi, na matunda yake husafirishwa hadi Ulaya. Parachichi lina mafuta yenye kusaidia kuishusha lehemu mbaya, hasa likiliwa mahali pa mafuta ya wanyama au siagi. Wazungu wanalila kwa sababu hiyo. Mkulima wetu analiuza, na fedha yake hununulia mafuta ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni ya aina ile inayoipandisha lehemu. Hatumkatazi mkulima kuuza; biashara hiyo ni riziki yake na fahari ya mkoa. Tunachosema ni kwamba matunda machache yabaki nyumbani, yaliwe na wenyewe, na kwamba mafuta ya alizeti yanayokamuliwa hapa nchini yapewe nafasi ya kwanza jikoni.

Tena tusiitazame lehemu peke yake tukawasahau ndugu zake. Katika wilaya ile ile ya Hai, wazee 2,223 walipopimwa shinikizo la damu, ilionekana kwamba karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa nalo la juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Shinikizo la damu na lehemu hufanya kazi kwa ushirika: moja huupasua ukuta wa mshipa, jingine huujaza. Kisukari na sigara huongeza nguvu ya ushirika huo, na pombe kupita kiasi, hata iwe ulanzi wa nyumbani, huuumiza ubongo moja kwa moja.

Mkoa wa Njombe una sababu nyingine ya kujitazama. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wazima 12.7 kati ya kila 100 mkoani humo walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Ni ushindi mkubwa kwamba, kwa sababu ya dawa, ndugu hao sasa wanafikia uzee. Lakini virusi hivyo vyenyewe vyaweza kuudhuru ubongo, na baadhi ya dawa zake huongeza mafuta katika damu. Hakuna sababu yoyote ya kuziacha dawa hizo, anayeziacha anajiua. Iliyopo ni sababu ya kutaka kwamba mgonjwa anapokwenda kuchukua dawa zake apimwe pia shinikizo la damu na lehemu, katika safari hiyo hiyo moja.

Wajibu wetu basi ni upi? Tunaanza na watumishi wa umma, kwa kuwa wao ndio wasomaji wetu na wao ndio wenye nafasi ya kuanza. Mtumishi wa nchi hii hustaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka 55, na kwa lazima, kwa walio wengi, akifika 60. Miaka ile 15 au 20 ya mwisho ya utumishi wake ndiyo miaka ambayo akili yake ya uzeeni inaokolewa au inapotea. Mtu hukata sehemu ya mshahara wake kila mwezi ili apate pensheni. Pensheni hiyo itamfaa nini asipojua tena kuihesabu? Kila mtumishi aliyefikisha umri wa miaka 40 na apime shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, na aombe kipimo cha lehemu kwa kadiri mganga atakavyomshauri. Wakuu wa idara wasione kwamba nusu siku ya kupima ni nusu siku iliyopotea. Na kwenye mikutano na semina zetu, ambako sahani hujazwa vitu vya kukaanga kana kwamba ndiyo heshima ya mgeni, na tujifunze kumheshimu mgeni kwa matunda na maharage.

Walimu wana wajibu wa pekee, na wana faida ya pekee. Katika orodha ile ya mambo 14, limo jambo la kukosa elimu utotoni. Ubongo uliozoezwa kusoma na kufikiri hujiwekea akiba, nayo akiba hiyo huusaidia kustahimili madhara yanapokuja. Kwa hiyo mwalimu anayemzuia msichana wa darasa la sita asiache shule anailinda akili ya bibi atakayekuwa hai miaka 60 ijayo. Hatuijui dawa yoyote ya dukani iliyo na matokeo ya mbali kiasi hicho. Mwalimu huyo huyo anaweza kuwafundisha watoto habari za mafuta, chumvi na sigara, wakazipeleka nyumbani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini kwa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya afya zao, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Taifa lililoweza hayo kwa redio za betri haliwezi leo kujitetea kwamba limekosa njia ya kuwafikia watu.

Kwa upande wa Serikali, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha watambua watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa kundi linalostahili huduma zake. Yafaa sasa huduma hiyo iikumbuke na akili. Chombo cha kupimia kipo, tena kilibuniwa kwa ajili ya watu wetu. Wataalamu waliofanya kazi Hai walitunga kipimo kifupi kinachomfaa hata mzee ambaye hakupata kuingia darasani: anaambiwa maneno 10 ayakumbuke, anataja majina ya wanyama kwa dakika moja, anaipanga michoro kwa njiti za kiberiti. Hakihitaji mtambo wala umeme. Kinahitaji muuguzi mmoja mwenye subira na kiberiti kimoja. Tunapendekeza kwamba waganga na wauguzi wa zahanati zote za Njombe na Makambako wafundishwe kukitumia, na kwamba kipimo cha lehemu kiwe karibu na watu, si kitu cha kukifuata kwa nauli ya siku mbili.

Mwisho, tunasema neno kwa jamii. Mzee anayetangatanga usiku, anayemwita mwanawe kwa jina la marehemu, au anayedai kwamba ameibiwa kitu alichokificha mwenyewe, si mchawi wala hakurogwa. Ni mgonjwa. Nchi hii inajua kwa uchungu jinsi vikongwe wasio na hatia walivyouawa katika baadhi ya mikoa yetu kwa kushukiwa uchawi. Mtumishi au mwalimu anayeisikia lugha ya namna hiyo akanyamaza ameshiriki. Vilevile tuwaonye wanaonunua chupa na vifurushi katika vituo vya mabasi kwa ahadi kwamba vitasafisha mafuta yote ya mwili kwa siku saba. Mafuta yaliyoganda kwa miaka 20 hayaondoki kwa siku saba. Fedha ndiyo inayoondoka kwa siku hizo. Na katika kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii yupo mtu mmoja, mara nyingi mke au binti, anayekesha naye. Huyo apokewe zamu na kaka zake. Kumsifu kwa uvumilivu wake huku tukimwachia mzigo wote si shukrani.

Mwalimu yule wa kijiji cha Njombe hatapona. Ukweli huo ni mchungu, lakini ni ukweli. Anachoweza kupewa ni heshima, usalama, chakula kizuri na mkono wa kumrudisha nyumbani. Lakini wanafunzi wake, walio sasa na umri wa miaka 45 na 50 katika ofisi na shule za Njombe na Makambako, bado wana muda. Aliwafundisha kuhesabu. Na wahesabu basi: umri wao, shinikizo lao la damu, lehemu yao, na hatua wanazotembea kwa siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ubongo ukianguka hakuna fundi wa kuujenga upya. Wakati wa kuziba ni sasa.